Chombo Chenye Mwenyewe Hakitupwi

Pale Jaws Corner, njia panda maarufu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kahawa huuzwa kwa watu waliokaa barazani. Muuzaji ana dele lake juu ya makaa, ana vikombe vidogo visivyo na mkono, ana ndoo ya maji. Mteja hupokea kikombe, hunywa taratibu huku siasa na mpira vikichambuliwa, kisha hukirudisha. Kikombe huoshwa, kikampata mwingine. Wanaweza kupita wanywaji mia, na kinachobaki baada yao ni machicha ya kahawa tu. Utaratibu huohuo uko Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam, kote ambako wauza kahawa hupita mitaani wakigonganisha vikombe ili wajulikane kuwa wamefika.

Katika mikahawa ya kisasa ya miji hiyohiyo, kahawa hutiwa kwenye kikombe cha karatasi chenye kifuniko cha plastiki. Karatasi yenyewe imepakwa utando wa plastiki kwa ndani ili isilowe, na utando huo ndio unaofanya kikombe kiwe kigumu kurejelezwa. Mnywaji hukitumia kwa dakika chache, hukitupa, na gharama ya kukizoa anaibeba mtu mwingine.

Mjadala wetu kuhusu vifungashio vya chakula hukimbilia kwenye malighafi. Plastiki ikipigwa vita, tunauliza: tuweke karatasi? Tuweke makapi ya miwa? Tuweke plastiki iliyotengenezwa kwa mahindi? Hivyo vyote bado ni vyombo vya kutumia mara moja, na kila kimoja kinahitaji kiwanda, meli, lori na hatimaye jaa. Wazee wetu wa pwani walikwenda mbele zaidi. Walisuka ukindu na kufinyanga udongo, ndiyo, lakini kilichozuia vyombo vyao visijae mitaroni ni utaratibu wa marejesho. Chombo kilikuwa na mwenyewe, mwenyewe alijulikana, na kila aliyekipokea alijua kwamba kinangojwa. Huo ndio urithi ninaotaka tuuchukue kwa uzito.

Mfano ulio hai kuliko yote ni mwezi wa Ramadhani. Baada ya Alasiri, katika mitaa ya Unguja na Pemba, Mombasa na Lamu, hata Magomeni na Kariakoo jijini Dar es Salaam, watoto hupishana vichochoroni wamebeba sahani zilizofunikwa. Nyumba hii imepeleka kaimati, ile imeleta ndizi mbichi za nazi. Huku mihogo, kule tambi, sambusa au mkate wa kumimina. Sahani ikishafika hailali huko siku nyingi, wala hairudi tupu. Aliyepokea huona haya kuirudisha bila kitu, hivyo huipakia alichopika yeye, hata kikiwa kipande cha mkate. Hivyo sahani moja huzunguka mtaa kwa mwezi mzima, kila safari ikizaa safari nyingine.

Tuutazame utaratibu huo kwa makini, maana umekamilika kuliko unavyoonekana. Dhamana ipo, ingawa hakuna senti iliyowekwa: dhamana ni heshima ya nyumba. Utambulisho upo: akina mama wengi hutia tone la rangi ya kucha, au herufi za jina kwa rangi ya mafuta, chini ya sahani na sufuria zao, ili hata kwenye shughuli ya watu mia tano kila chombo kijulikane ni cha nani. Msafirishaji ni mtoto wa nyumba anayetumwa. Usafi nao una mlinzi wake, kwa sababu kurudisha chombo kichafu ni fedheha itakayosimuliwa. Wataalamu wa mazingira wa leo wanapoketi kubuni mfumo wa vyombo vya kurudishwa, hayo ndiyo wanayoyatafuta: dhamana, utambulisho, usafirishaji na usafi. Bibi zetu walikuwa nayo yote, na hawakuhitaji semina.

Juu ya sahani hizo hukaa kawa, na hapa naomba nikae kidogo, maana kawa ni kazi ya akili kubwa. Ni kifuniko kipana chenye umbo la pia, kilichosukwa kwa ukindu, mara nyingi chenye mistari ya nyekundu, kijani na zambarau. Kinazuia inzi na vumbi, lakini ukili wake unapumua. Mvuke wa chapati za moto hupenya kwenye suko na kutoka, kwa hiyo chakula hakitoki jasho. Funika chapati hizohizo kwa kifuniko cha plastiki, na baada ya robo saa matone yameshaziangukia, zimekuwa teketeke. Aliyebuni kawa alielewa joto la pwani, unyevu wake na chakula chake kwa pamoja.

Kuitengeneza si kazi ya siku moja. Makuti machanga ya mkindu hukatwa, huchanwa nyuzi nyembamba, huanikwa juani hadi yawe meupe, na mengine huchemshwa na rangi. Kisha husukwa ukili, mkanda mrefu ambao wasusi huupima kwa pima za mikono, na mwisho ukili huo hushonwa ukizungushwa kutoka kileleni hadi ukingoni. Ukili ukiwa mwembamba, kawa inapendeza na kazi inakuwa ndefu. Kikapu, mkeka, msala na pepeo la kuchochea moto vyote huzaliwa na ufundi huohuo. Kuanzia Pemba na Tumbatu hadi Mafia, Rufiji na Lamu, ufundi huu umeshikwa zaidi na wanawake, wanaousuka katikati ya kazi nyingine za nyumba.

Leo kawa unaiona zaidi ikiwa imetundikwa kwenye ukuta wa hoteli, au imegeuzwa kuwa kivuli cha taa. Sina ugomvi na pambo. Linampa msusi kipato. Ninachosikitikia ni kwamba chini ya kawa ile iliyotundikwa, mgeni anahudumiwa matunda yaliyofunikwa kwa utando wa plastiki. Tumekiheshimu kitu hadi tukakiondoa kazini.

Si kila cha kale kilirudi

Lazima tuseme kweli kuhusu zamani, maana sifa za uongo hazitatusaidia kupanga chochote. Si kila kifungashio cha wazee kilitumika tena. Pakacha lililosukwa kwa kuti la mnazi lilibeba samaki au maembe hadi sokoni, na mara nyingi liliishia hukohuko. Waganda hupika luwombo ndani ya jani la mgomba, na Wakongo hufunga chikwange ya muhogo kwa majani. Mlo ukiisha, jani hutupwa. Wauza vitumbua na mihogo ya kukaanga wa pwani walifungia kwenye gazeti kuukuu, na hilo halikuwa jambo salama kwa sababu ya wino unaoingia kwenye mafuta ya moto.

Tofauti ni kwamba jani la mgomba likitupwa, mbuzi hulila, au mvua za msimu mmoja hulirudisha kuwa udongo. Kutupa hakukuwa na madhara kwa sababu kilichotupwa kilikuwa kimekopwa shambani kwa siku mbili tatu tu. Balaa lilianza malighafi ilipobadilika na tabia ikabaki ileile. Mkono uliozoea kutupa jani ukatupa mfuko wa nailoni kwa uhuru uleule, na hakuna aliyetuambia wakati ule kwamba sheria za mchezo zimebadilika.

Mwakilishi wa balaa hilo kwa sasa ni lile boksi jeupe la povu tunalofungiwa chipsi mayai, wali maharage na biriani, kuanzia Mwanza hadi Malindi. Limetengenezwa kwa polistirini iliyopulizwa, na sehemu kubwa yake, hadi asilimia 98 ya ujazo, ni hewa. Wepesi huo ndio unaoliuza, na wepesi huohuo ndio unaotuumiza. Upepo unalipeperusha hadi mtaroni, linavunjika vipande vidogo visivyookoteka, na mwokota chupa halitaki kwa sababu gunia zima la maboksi halina uzito wa kumpatia pesa ya chai. Kemikali inayounda polistirini, stairini, iliwekwa mwaka 2018 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Chembechembe zake huhamia kwenye chakula, hasa kikiwa cha moto na chenye mafuta. Chipsi ni vyote viwili.

Wapo wanaosema dawa ni kurejeleza. Natamani ingekuwa hivyo. Utafiti wa Roland Geyer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulihesabu taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi mwaka 2015. Asilimia 9 tu ilikuwa imerejelezwa, asilimia 12 ilichomwa, na asilimia 79 ilikuwa imelundikana majaani au katika mazingira. Kule Lamu, fundi majahazi Ali Skanda aliongoza ujenzi wa Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa tani kadhaa za plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa makumi ya maelfu ya ndala zilizoletwa na bahari. Lilizinduliwa mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Kazi ile inastahili sifa zote. Lakini ujumbe wake, kwa macho yangu, ni wa uchungu: pwani yetu iliokotwa plastiki ya kutosha kuunda chombo cha kuvuka bahari, na bado fukwe hazikuisha taka.

Kwenye sheria, Afrika Mashariki haikulala. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008. Kenya ilianza Agosti 28, 2017, kwa adhabu kali: faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania Bara ilianza Juni 1, 2019, na anayekutwa na mfuko hutozwa faini kuanzia shilingi 30,000. Nakumbuka furaha ya wiki zile za kwanza. Vikapu vilitoka stoo, vingine bado vikinuka vumbi, na masokoni ukaona tena ukindu na milala mikononi mwa watu.

Kisha furaha ikapoa. Ikaja mifuko mbadala, ile inayofanana na kitambaa, ambayo kwa kawaida ni polipropilini, yaani plastiki. Vikaja vifungashio vyembamba vya kuonyesha ndani, vilivyoruhusiwa kwa ajili ya kufungashia bidhaa, navyo vikageuzwa vibebeo hadi NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira la Tanzania, ikalazimika kurudi tena kukemea. Boksi la povu na kikombe cha kutupa vikaendelea na safari yao. Sheria iliondoa kitu kimoja mkononi mwa mnunuzi, lakini haikujenga njia ya chombo kwenda na kurudi. Pengo hilo ndilo linalojazwa na kila aina mpya ya plastiki.

Kutoka Mumbai hadi Kariakoo

Anayedhani kwamba marejesho hayawezekani kwenye jiji kubwa, aende kutazama Mumbai. Mwaka 1890, Mahadeo Havaji Bachche alianza huduma ya kupeleka chakula cha mchana kutoka majumbani hadi makazini, akiwa na watu wapatao mia moja. Huduma hiyo ipo hadi leo. Wahudumu wake huitwa dabbawala. Kabla ya janga la korona walikuwa takriban 5,000, na kila siku ya kazi walibeba karibu masanduku 200,000 ya chakula kwa baiskeli, mikokoteni na treni za mjini. Mchana wakishamaliza kuyafikisha, alasiri huyakusanya matupu na kuyarudisha kila moja nyumbani kwake. Kwenda na kurudi, ni safari 400,000 kwa siku.

Chombo chenyewe ni makopo ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kufungwa kwa mkono mmoja: wali juu, mchuzi chini, mboga katikati. Watu wa Zanzibar na Mombasa wanakijua, kwani kilifika pwani yetu pamoja na familia za Kihindi, na nyumba nyingi bado zina kimoja kabatini. Siri ya dabbawala iko juu ya kifuniko. Kila sanduku lina alama za rangi, herufi na tarakimu zinazoonyesha kituo cha treni lilikotoka, kituo linakoshuka, jengo linakokwenda na hata ghorofa. Wabebaji wengi hawakusoma sana, lakini alama hizo wanazisoma kwa kutupia jicho tu. Ni jamaa ya lile tone la rangi ya kucha chini ya sahani ya Ramadhani. Lile la mtaa, hili la jiji lenye mamilioni ya watu.

Na hatuna haja ya kupanda ndege kuona jambo hili. Nenda Kariakoo saa saba mchana. Mama lishe wanapita kati ya maduka wakiwa na sahani za wali na ugali zilizopangwa, zimefunikwa kwa sahani nyingine, mchuzi ukiwa kwenye bakuli pembeni. Mwenye duka anakula bila kufunga biashara yake. Baada ya muda msaidizi anapita na beseni kukusanya vyombo. Mama huyo anajua kwa kichwa ni sahani ngapi ziko duka gani, nani amelipa, nani ameandikwa kwenye daftari. Hana ruzuku, hana mradi, hana bango la kuokoa sayari. Anafanya hivyo kwa sababu sahani ya melamini anayoinunua mara moja humtumikia kwa muda mrefu, ilhali boksi la povu ni gharama anayopaswa kuilipa kila mlo.

Huyu ndiye mtaalamu wetu. Ningefurahi kuona halmashauri za miji, zinapoandaa mikutano ya taka ngumu, zikimwita mama lishe akae meza ya mbele aeleze jinsi anavyofanya. Badala yake, mara nyingi anakutana na halmashauri pale tu anapofukuzwa barabarani.

Kuna mfumo mwingine tulionao ambao unatuponyoka huku tukiangalia: chupa ya soda. Kwa miongo mingi soda Afrika Mashariki iliuzwa kwa chupa ya kioo, kreti la chupa 24, na bila kurudisha chupa hupati nyingine isipokuwa ulipe pesa ya chupa. Mtoto wa darasa la kwanza alijua sheria hiyo. Alitumwa dukani na chupa tupu mkononi, au alikunywa palepale kaunta na kuiacha. Chupa moja iliweza kujazwa mara nyingi mno kabla haijachoka. Hakuna aliyeuita huo uhifadhi wa mazingira. Ilikuwa biashara ya kawaida. Soda ya plastiki ilipokuja, ilikuja na uhuru wa kuondoka nayo, na uhuru huo umechangia kujaza mifereji ya Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambako kila masika maji yakikosa njia Jangwani yanaifunga barabara. Bado chupa za kioo zipo. Viwanda vinavyoziendeleza vinastahili kupewa nafuu ya kodi, na hilo ni jambo ambalo wizara za fedha zinaweza kuliamua bila kusubiri mkutano wowote wa kimataifa.

Kwa upande wa mila kuingia katika sera, Wajapani wametuonyesha njia, na katika hadithi yao yumo mwanamke wetu. Februari 2005, miezi michache baada ya kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel, Profesa Wangari Maathai wa Kenya alizuru Japani. Huko alikutana na ule moyo wa Kijapani wa kuona uchungu kitu kinapopotea bure, wanaouita mottainai, akaubeba na kuuhubiri hadi Umoja wa Mataifa. Mwaka uliofuata, waziri wa mazingira wa Japani, Yuriko Koike, alizindua furoshiki, kitambaa cha jadi cha kufungia vitu, kilichotengenezwa kwa nyuzi zilizotokana na chupa za plastiki, ili watu waache mifuko ya dukani. Kitambaa kimoja cha mraba hufunga sanduku la chakula, chupa, tikiti maji au zawadi, inategemea mafundo.

Nikilitazama jambo hilo naiona kanga. Mwanamke wa pwani amefungia kila kitu kwenye kanga: nguo za safari, vyungu, pesa kwenye pindo, na sinia la chakula cha msibani lililofungwa kwa fundo juu ili lisifunuke njiani. Hatujawahi kuitisha maonyesho ya mafundo hayo. Hatujawahi kuyafundisha shuleni katika somo la stadi za kazi. Tuna nguo tayari na ujuzi tayari, na bado mzazi anamfungashia mtoto chakula cha shule kwenye kifuko cha nailoni.

Swali la maji na sabuni

Pingamizi kubwa ninalolisikia ni la usafi, na ni pingamizi la haki. Katika nchi zilizopigwa na kipindupindu mara kwa mara, chombo kilichotumiwa na wengi kinatia hofu. Ile ndoo ya muuza kahawa, ikiwa maji yake hayabadilishwi, si ya kutetewa.

Lakini usafi wa vyombo vya kurudia ni jambo ambalo mila zetu zililifanyia kazi kwa bidii. Wakalenjin hawatii maziwa ya mursik kwenye kibuyu ovyo. Kibuyu husuguliwa ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet, mkaa wake ukabaki kwenye kuta za ndani, ukisaidia maziwa yagande vizuri na kuyapa harufu na ladha yake. Wamaasai hufukiza vibuyu vyao kwa mzeituni mwitu. Kila jamii ilijua kwamba chombo kinachorudi lazima kiwe na taratibu zake za kusafishwa, na taratibu hizo zilikuwa za lazima kama upishi wenyewe. Sisi tuna maji ya moto, sabuni na maarifa ya vijidudu. Tunachokosa ni mahali pa kuoshea. Kituo kimoja cha kuoshea vyombo katika kila soko kubwa, chenye maji ya bomba, maji ya moto na mkaguzi wa afya anayepita, kingewahudumia mama lishe wengi kwa pamoja, na kingeajiri vijana. Masoko yetu yana vyoo vya kulipia. Yanaweza kuwa na karo za kulipia.

Pingamizi la pili ni umbali. Sahani ya Ramadhani huzunguka kati ya majirani. Chakula cha leo kinaagizwa kwa simu na kuletwa na bodaboda kutoka kata nyingine. Hapo heshima ya nyumba haitoshi, kwa sababu hatujuani. Ndiyo maana dhamana lazima igeuke pesa, na kwa hili Afrika Mashariki ina bahati kuliko sehemu nyingi za dunia. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, tumezoea kutumiana hata shilingi chache kwa simu. Mteja anayepokea biriani kwenye bakuli la chuma anaweza kukatwa dhamana ndogo, na bakuli likirudi kwenye mgahawa wowote ulio kwenye mpango, pesa yake ikarudi papo hapo. Bodaboda aliyeleta chakula cha leo ndiye atakayechukua bakuli la jana. Njia anayopita ni ileile.

Ujerumani imeliweka jambo hili kwenye sheria. Tangu Januari 1, 2023, migahawa inayouza chakula cha kuondoka nacho kwenye vyombo vya plastiki inatakiwa pia kumpa mteja chaguo la chombo cha kurudisha, na mlo huo usiuzwe kwa bei ya juu zaidi. Biashara ndogo kabisa zimesamehewa, lakini nazo zinatakiwa kukubali kumjazia mteja aliyekuja na chombo chake. Kipengele hicho cha mwisho kingefaa sana hapa kwetu. Tayari tunakwenda na chupa kununua mafuta ya kupima. Kenya, katika mitaa mingi, watu huenda na vyombo vyao kwenye mashine za kuuza maziwa. Inatatanisha kwamba mtu yuleyule aliyetoka nyumbani na chupa ya mafuta ananunua chipsi kwenye boksi la povu duka la pili yake, na kwamba akijitokeza na hotpoti lake, baadhi ya wauzaji humtazama kana kwamba amekuja kuomba. Mtu akija na chombo apewe heshima, na akipunguziwa kidogo, atarudi.

Wasusi nao wasiachwe nje ya hesabu. Kikapu hakibebi mchuzi, na sitaki mtu adhani ninapendekeza biriani ndani ya ukili. Lakini hotpoti na bakuli za chuma zinahitaji kitu cha kuzibeba zisipinduke, na ufundi wa ukili unaweza kutoa vikapu vyenye vyumba kwa ajili ya bodaboda, vifuko vya kutunza joto, na kawa ndogo za kufunikia sahani za mama lishe badala ya nailoni. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA nchini Tanzania vina walimu wa useremala na ushonaji. Vimwite msusi wa Pemba au Rufiji awe mwalimu, alipwe kama mwalimu. Kisha serikali na taasisi zinunue kazi hiyo kwa ajili ya kantini zao, kwa bei inayolingana na siku alizotumia kuisuka. Kikapu kinachouzwa kwa bei ya kutupa kitamfanya msusi ahame kwenye kazi, na mkindu utabaki bondeni bila mtu anayejua la kuufanya.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mteja mmoja mwenye hotpoti anasaidia, lakini hawezi peke yake kuugeuza mji. Wapo watu katika jamii yetu wanaoagiza vyombo vya kutupa kwa mamia kwa siku moja, nao ni kamati: kamati za harusi, kamati za futari za misikiti, kamati za sherehe za makanisa. Zamani pilau ya harusi ilitoka kwenye masinia, watu wanne au sita wakakaa pamoja, na masinia yakaoshwa usiku uleule na majirani. Siku hizi mgeni anapewa boksi mlangoni, anaondoka nalo, na asubuhi uwanja mzima umetapakaa weupe.

Kwa kamati hizo nina ombi. Katika bajeti ya shughuli yenu ijayo, futeni mstari wa maboksi na mahali pake andikeni masinia, kukodi au kununua, pamoja na ujira wa watu wa kuosha. Mitaa mingi ilikuwa na vyombo vyake vya shughuli vilivyotunzwa nyumbani kwa mama mmoja mwaminifu. Mahali vilipopotea, changeni mvinunue upya, mtie alama chini yake, mviandikie daftari la kuazimia. Msikiti unaofuturisha watu mia mbili kila jioni ya Ramadhani ukianza na sahani zake wenyewe, utakuwa umezuia maboksi takriban 6,000 kwa mwezi mmoja tu.